Karisa Tinga na Ndege Iliyopotea Njia

Mwaka umetimia, Karisa Tinga, tangu asubuhi ile ulipoacha chai nusu kikombe hapa nyumbani, Port Reitz. Kikombe nimekiosha. Lakini nilikaa nacho siku tatu kwanza.

Mlango mmoja wa moyo wako, madaktari huuita vali, uliharibika ungali na nguvu zako. Daktari akakuwekea mwingine, uliotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Nawe muuza nyama! Ulirudi ukatangaza kwamba nyama ya ng'ombe huli tena. "Nitamlaje shemeji?" Mimi nikawa dada wa ng'ombe bila kuulizwa. Buchani uliendelea kuwauzia wenzako, lakini kabla ya kukata ulilipigapiga paja lililoning'inia: "Niwie radhi, shemeji." Wateja walicheka, nawe ukawaongezea kipande. Mkono wa birika hukuwa nao.

Kila alfajiri nililaza sikio kifuani mwako. Nikisikia moyo unakwenda sawa, naondoka kuwasha jiko. Mwaka wa kumi na moja wa vali hiyo nikasikia mvumo.

"Ni ndege, Mama Judy," ukasema. "Si uwanja uko hapo?"

Na ndege kweli zilikuwa zikipita. Miguu ikavimba, ukasema ni viatu. Mto mmoja wa kulalia ukawa mitatu, ukasema wataka kuona dirishani. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini, na hilo linaniuma hadi leo.

Krismasi tukaenda Kaloleni kwa kaka yako Changawa, ambako hata pikipiki ni ya kubahatisha. Alfajiri nikalaza sikio. Mvumo ule ule.

"Baba Judy, na hii nayo ni ndege?"

Ukafikiri kidogo. "Labda imepotea njia."

Tulipomsimulia Changawa, alicheka hadi akamwaga chai. Mimi nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakufungia nguo twende hospitali.

Picha ya moyo ilionyesha vali imekakamaa na inavuja. Daktari alisema tulipaswa kuja mapema. Hapo ndipo ulipokiri kwamba kufa hukukuogopa, uliogopa kupasuliwa kifua mara ya pili. Mwishowe ukakubali, kwa sharti moja: "Safari hii mniwekee ya ndama. Yule mzee amechoka." Tarehe ikapangwa. Ulituacha siku nne kabla yake.

Bucha sasa ni ya Judy. Juzi nimemsikia akiliambia paja, "Niwie radhi, mjomba."

Nami bado huamka alfajiri nikisikia mvumo, nikageuka nikwambie twende hospitali. Huwa ni ndege kweli.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Dhahabu, binti yetu Judy na mumewe Morgan, mjukuu wako Ronny, na kaka yako Changawa. Ndege ipite isipite, wewe hutatutoka moyoni.