Maelezo ya Nusaiba Karimu Kuhusu Kilichopakwa Miguuni mwa Farasi Radi

MAELEZO YA SHAHIDI
Lalamiko: Ukatili dhidi ya mnyama
Jina: Nusaiba Karimu Shekue
Umri: Miaka 17
Kazi: Mwanafunzi, darasa la kumi na moja
Makazi: Bellevue, Johannesburg
Yameandikwa na: Konstebo Victorine Mwamba, Jumatatu tarehe 16 Machi 2026

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Mama yangu mzazi, Zabibu Shekue, mzaliwa wa Tanga, ameketi kando yangu kwa sababu sijatimiza miaka kumi na minane. Nimeomba yaandikwe kwa Kiswahili ili naye aelewe kila neno atakalolitilia saini. Nimeapa, na ninajua maana ya kuapa, hasa katika mwezi huu wa Ramadhani.

Mimi ni mpanda farasi. Afisa amecheka kidogo, akauliza, "Wa Bellevue hii hii?" Ndiyo, wa Bellevue hii hii. Nilipokuwa na miaka kumi shule yetu ilitutembeza kwenye mazizi ya farasi kaskazini ya jiji, upande wa Kyalami, na tangu siku hiyo sikuacha kwenda. Nasafisha mabanda, nami nafundishwa bure. Mwalimu wangu ni Kocha Chris. Mazizi ni yake, na Radi, farasi ninayempanda, ni wake pia.

Mchezo wetu una sehemu tatu. Kwanza farasi huenda mwendo wa madaha mbele ya waamuzi. Kisha hukimbia porini akiruka magogo na mitaro. Mwisho huruka viunzi uwanjani, na mti wa kiunzi ukianguka mnapunguziwa alama. Radi ni hodari katika sehemu mbili za kwanza. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikitushinda. Ni mvivu wa kukunja miguu ya mbele, na kabla ya juzi hakuwahi kumaliza uwanja bila kuangusha mti. Gaston, mtunza farasi wetu, ambaye ametoka Lubumbashi, humwita Seremala kwa sababu kila anakopita anaacha mbao chini.

Jumamosi tarehe 14 Machi 2026 ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya kuteua timu ya taifa ya vijana. Zamu ya viunzi ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimefunga. Kocha Chris hakupenda nifunge siku ya mashindano, lakini tulikuwa tumekwisha kuzungumza na alikubali.

Kabla ya kuruka, farasi huvishwa vikinga vya miguu. Radi huwa namvisha mimi. Siku hiyo Kocha Chris aliniambia, "Leo Gaston atamvisha. Wewe tuliza akili." Gaston akaja amevaa glavu za mpira. Nikamtania, "Kaka Gaston, unakwenda kumpasua mgonjwa?" Akanijibu, "Acha, mutoto. Kocha ndiye alinipatia. Anasema ni dawa ya misuli, inaleta damu." Tukacheka wote wawili.

Tulipokuwa tukipasha mwili moto, Radi aligusa mti mmoja kwa mguu wa mbele, akatupa kichwa juu na kukoroma. Nilidhani ni hamasa. Tulipoingia uwanjani aliruka kama mtu anayeruka moto. Kila kiunzi alikipita kwa nafasi ya kutosha kupitisha mbuzi. Hakuna mti ulioanguka. Baadaye majina manne yalisomwa kwenye kipaza sauti, na la tatu lilikuwa langu. Nilipewa koti la timu. Nilimpigia simu mama dukani kwake Marshalltown, anakoshona nguo, akapiga vigelegele hadi mteja aliyekuwa akipimwa kiuno akamuuliza kama amefiwa.

Sasa nataka afisa aandike jambo hili kama lilivyo. Baada ya kuruka, mpanda farasi huvua vikinga na kupitisha kiganja kitupu kwenye muundi wa farasi, kuanzia goti kushuka chini, ili kusikia kama kuna joto. Kocha Chris ndiye aliyenifundisha hivyo juma langu la kwanza. Alisema jicho hudanganywa, kiganja hakidanganywi. Siku hiyo alikuwa ameagiza Gaston avue, lakini Gaston aliitwa kusogeza gari la farasi. Nikavua mimi. Radi akauvuta mguu wake. Katika miaka yote saba hajawahi kuninyima mguu. Muundi ulikuwa wa moto na manyoya yamegandamana. Nikadhani ni jasho. Nikanawa mikono bombani.

Jua lilipozama niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa nyuma ya banda, nikasema bismillahi, nikatia tende mdomoni. Midomo ikawaka. Ulimi ukawaka. Nikapangusa machozi kwa mkono, na macho nayo yakawaka. Gaston akanikuta hapo.

"Eish, unalia nini tena? Si umeshinda!"

"Tende inawasha, Kaka."

Akacheka sana. "Weye na batu benu ba Tanga! Hata tende munatia pilipili?"

Kisha akaitazama mikono yangu. Akamtazama Radi, aliyekuwa amesimama mguu mmoja juu, hataki kuukanyagia. Akaacha kucheka, akavua kofia. "Miye baliniambia ni dawa ya misuli," alisema. Akalirudia hilo mara kadhaa.

Nyumbani kwetu mama akimaliza kukata pilipili hunawa kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo kwa sabuni, kwa kuwa maji peke yake hayaiondoi. Gaston akaomba mafuta kwa watu waliokuwa wakichoma nyama, tukamsugua Radi miguu yote miwili ya mbele mpaka akaitua chini. Hapo nikaelewa: muundi uliopakwa pilipili huuma ukigusa mti, na farasi anayeogopa kuumia hukunja miguu juu zaidi.

Nilimwendea Kocha Chris kwenye gari lake nikiwa na vikinga mkononi. Tulizungumza Kiingereza, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili. Nilimuuliza ni kitu gani kimepakwa humu ndani. Akasema ni dawa ya misuli. Nikamwambia, "Kocha, muundi wa farasi hauna misuli. Wewe ndiye uliyenifundisha." Akafunga mlango wa gari. Kisha akasema, "Nusaiba, kila mtu anafanya hivi. Unadhani wale watatu wengine wameruka kwa sala?"

Nikamjibu, "Sijui. Watakaoulizwa ni wao. Mimi nakuuliza wewe."

Akaniambia nina koti, niende nyumbani nikalale. Nilitia vikinga katika mfuko wa plastiki uliokuwa na tende, nikaondoka navyo.

Mnamo Jumapili tarehe 15 Machi, asubuhi, Kocha Chris alikuja nyumbani kwetu. Tunapanga chumba cha mbele katika nyumba iliyogawanywa vyumba, kwa hiyo majirani wote waliliona gari lake. Alipobisha hodi nilikuwa nimekwisha kufunga kikinga kimoja kwenye mguu wangu wa kulia, chini ya dera. Sikumwambia mtu. Nilitaka kujua alichokijua Radi.

Mama alimpa kiti na kumkaribisha maji. Nilikuwa mkalimani wao. Kocha alisema timu itasafiri mwezi wa saba na makocha wa nchi nyingine wataniona. Alisema jambo hili likitoka nje, matokeo ya Radi yatafutwa, na nafasi yangu pamoja nayo, na hapo hatakuwa na sababu ya kuendelea kunifundisha. Mwisho alisema aliyevaa glavu ni Gaston, kibali cha Gaston cha kukaa nchini kina matatizo, na hakuna atakayemwamini. "Mimi sikumgusa farasi," alisema. Nilimtafsiria mama yote, bila kuruka hata neno, ingawa mguu ulikuwa umeanza kuwaka kama umewekewa pasi.

Mama alinigeukia. "Nimeyasikia yake. Na wewe mwanangu unasemaje?"

Nikasimama. Nikaenda kwenye meza yetu ya kulia nikagonga muundi kwenye mguu wa meza, taratibu tu, kama farasi anavyogusa mti. Nilipiga kelele. Sikuwa nimepanga kupiga kelele. Mama akaruka kutoka kitini. Nikapandisha dera hadi gotini, nikafungua kikinga wakaona, nikasema kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, "Hivi ndivyo nilivyochaguliwa."

Kisha nikakitoa cha pili katika ule mfuko wa tende nikakiweka mbele ya viatu vya Kocha. Nikamwambia, "Kama ni dawa, vaa. Ruka ile stuli. Ukigusa usipige kelele, nami nitanyamaza."

Alikitazama. Hakukigusa hata kwa ncha ya kiatu. Akatoa funguo za gari. Akainama kutaka kuvikusanya vikinga kwa ule mfuko, mama akaukanyaga mfuko na kusema, kwa Kiingereza chake mwenyewe, "Wewe nenda salama, Kocha. Hivi vinabaki."

Kocha alipoondoka, mama alinipaka mafuta. Alisema, "Nimekwisha kuwatangazia Tanga nzima." Akaendelea kupaka. Halafu akasema, "Basi nitawatangazia tena."

Afisa ameniuliza mambo matatu, nami nayajibu.

Ameuliza kwa nini nisimtaje Gaston kuwa mkosaji. Gaston alipaka alichopewa, akavaa glavu alizopewa, na kabla sijaruka aliniambia Kocha amesema ni dawa. Yuko nje kwenye benchi sasa hivi anangoja zamu yake, na kibali chake kiko mfukoni mwake. Nilimwambia si lazima aje. Alinijibu, "Weye sema yako, miye nitasema yangu. Kama banataka kunirudisha Lubumbashi, banirudishe nikiwa nimesema."

Ameuliza kama nina hakika kituo cha polisi ni mahali pa mambo ya farasi, wakati jijini humu watu wanachomwa visu kila siku. Nina hakika. Sheria ya nchi hii inakataza kumtesa mnyama, nimeisoma shuleni, na haikusema ingoje visu viishe kwanza.

Ameuliza kama nimekasirika kwa sababu nimekosa nafasi. Sikukosa. Nafasi ninayo mpaka dakika hii, na koti liko katika begi hili miguuni pangu. Nitaipoteza nikishatia saini hapa chini, maana kanuni za mchezo wetu zinasema farasi aliyepakwa dawa ya namna hii matokeo yake ni batili. Mama ananitazama. Naelewa ninachokifanya.

Sikuja kutafuta huruma. Nataka Radi aondolewe pale leo, kwa sababu kesho ni siku ya mazoezi ya viunzi na atapandwa na mwingine. Mwakani nitaomba tena kuchaguliwa, nikipata farasi na mtu wa kunifundisha. Kama nitampata Radi mwenyewe, nitashukuru. Ataruka anavyoweza. Akiangusha mti, na auangushe, nami nitahesabiwa alama zangu mbele ya watu.

Nimefika mwisho. Nimesomewa yote, na mama amesikiliza. Afisa alikuwa ameandika kwamba "nadhani" kilipakwa kitu. Nimemwomba alikate neno hilo, naye amelikata.

Saini ya shahidi: Nusaiba K. Shekue
Saini ya mzazi: Zabibu Shekue

MAELEZO YA AFISA: Mimi mwenyewe nimemwandikia shahidi huyu, kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo. Nimeona wekundu na malengelenge kwenye muundi wake wa kulia, na picha zimepigwa. Nimepokea vikinga viwili vya miguu ya farasi ndani ya mfuko wa plastiki wa tende, nikavifunga kama vielelezo. Wakaguzi wa ulinzi wa wanyama wamepigiwa simu na wako njiani kwenda mazizini. Shahidi alitaka kuniachia koti la timu. Nimemwambia koti si kielelezo, nikamrudishia, akaliacha kwenye kaunta. Limehifadhiwa kwa jina lake, atalifuata akitaka.

Ninaongeza kwamba nilipokuwa nikifunga mfuko, kidole changu cha shahada kiligusa ndani ya kikinga kimoja. Nimenawa kwa sabuni mara mbili. Naandika haya kwa shida kwa sababu bado kinawaka. Nimemtuma mtu akaniletee mafuta ya kupikia.

V. Mwamba, Konstebo