Ukuta wa Chuo Hautoi Maji, Baba

Mwaka umepita, Baba, tangu ulipotutoka mvua za Juni zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Sasa zimerudi, na wewe hupo. Profesa Lazar Netto, mwalimu wa historia wa Chuo cha Mtakatifu Klaveri hapa Kalikut, kiti chako mezani hakikaliwi na mtu.

Walimu wenzako waliwaanzishia wanafunzi wapya historia ya chuo kanisani, kwenye picha za mapadre Wajesuiti waliotoka Italia kufungua chuo kile mlimani. Wewe uliwapeleka nyuma ya Ukumbi wa Chini, kwenye ukuta wa mawe mekundu unaozuia mlima. Uliwaambia kwamba ukumbi wa kwanza wa mapadre hao ulifukiwa na udongo wakati wa mvua, wanafunzi wakiwa ndani. Ndipo wakajenga ukuta wenye matundu, mlima upate pa kutolea maji. Kila mwaka kabla ya mvua, padre mkuu, walimu na wanafunzi waliyazibua kwa mianzi. Hiyo ndiyo historia ya chuo, ulisema, mengine mapambo.

Ulirudi nyumbani suruali tope tupu, na Mama hakuacha kukusema.

"Profesa mzima! Majirani watasema nimeolewa na mchimba visima."

"Nipe uji wangu wa wali, mke wangu. Na usinibanie achari."

Bado tunayacheka hayo.

Lakini ulipoondoka, desturi ile ya kuzibua matundu iliondoka nawe. Kwa ajili ya jubilei ya chuo wameupiga ukuta plasta na rangi nyeupe, ukapendeza kweli. Binti yako Bridgit alikwenda kwa padre mkuu mpya, akapokewa kwa kicheko cha upole.

"Dada Bridgit, wewe ni baba yako kabisa! Hebu tazama, hata tone halivuji."

"Ndicho kinachonitisha, Padre. Mvua yote hii, maji yamekwenda wapi?"

Alipewa chai, na habari njema: Ukumbi wa Chini utapewa jina lako, na misa yako ya mwaka itasomwa humo Jumamosi.

Baba, mjukuu wako Reshma anasoma humo. Juzi alisema mlango wa darasa umegoma kufunga, na sakafu imevimba upande wa ukutani. Mama amemkataza kwenda. Wenzake bado wanakwenda, na sisi tunaogopa.

Kwa hiyo heshima hiyo tumeikataa. Misa itasomwa nyumbani kwetu Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Wanafunzi wako wa zamani, njooni na mianzi, na mwenye sululu aje nayo. Tukitoka hapo tunapanda mlimani kuubomoa huo weupe, padre mkuu apende asipende. Wenye watoto humo, wabakisheni nyumbani mpaka mtakapoona ukuta unatoa maji.

Unakumbukwa na mkeo Philomina, binti yako Bridgit na mumewe Sebastian, na mjukuu wako Reshma.

Daima tutakukumbuka, Baba, na Mungu asituongezee wengine wa kukumbuka.