Maneno ya Mwenye Bunduki

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi tena, ukumbi wa kanisa Nateete. Bunduki tena. Kizito, mwongozaji wetu, ameiingiza kwenye mchezo wangu ukurasa wa nne, bila kuniuliza. Mchezo wa mama na binti zake wanaogombania meza ya sokoni! Anasema bila bunduki watazamaji watatoka nje kununua chapati. Yote anayoyajua kuhusu bunduki kayaokota kwenye vibanda vya video. Kaandika "PAA! PAA! PAA!" kwa wino mwekundu. Mtu mzima na ndevu zake.

Jumatano, 5 Machi

Leo Kizito kazidi. Mama wa mchezoni nilimpa Kiswahili, kwa sababu ni mama yangu mwenyewe. Sasa ataongea Kiganda. Kiswahili chote anapewa jambazi.

"Nnyabo," akaniambia kwa Kiganda, "bunduki inaongea Swahili. Kila mtu hapa anajua."

Wenzangu wote wakatikisa vichwa kukubali. Hovyo kabisa. Mji mzima ndivyo ulivyo, ukisikia Kiswahili unadhani askari wamefika. Ndiyo maana mama hunong'ona na wateja wake Wakongo pale soko la Kalerwe anapouza sombe, majani ya mihogo. Miaka yote hii, tangu anitoe vitani kule Bunia nikiwa mgongoni. Nilitaka kitu kimoja tu kwenye mchezo huu: akae kiti cha mbele, asikie lugha yake ikisemwa kwa sauti, asione haya. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeagizwa niandike maneno ya jambazi. "Ya kutisha," anasema Kizito, ambaye hajui Kiswahili zaidi ya "toa kitu".

Nimemkomesha. Jambazi anaingia na bunduki yake ya mbao iliyopakwa rangi ya viatu, anamwambia yule mama: "Jambo, mama. Kaa, usisumbuke. Umekula? Watoto wamelala?" Salamu za jioni za majirani zetu Wakongo hapa Kasubi, basi. Waswa, anayecheza jambazi, haelewi hata neno. Anabweka tu. Kizito alifumba macho kwa raha. "Hiyo ndiyo Swahili!"

Nilikwenda kucheka chooni. Mama atacheka zaidi yangu. Tutakuwa wawili ukumbini tunaojua hawa ni wapumbavu.

Jumanne, 11 Machi

Kizito kamwambia Waswa asibweke. Aseme polepole, eti mwenye bunduki hana haja ya kelele. Kaiona kwenye video, bila shaka. Waswa anaishika bunduki kama anayekwenda kufagia uwanja.

Mama amepiga pasi kitenge chake kipya. Kaniuliza kama kuna mambo ya vita ndani. Nimemwambia hapana, ni kichekesho.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi ulijaa. Mama kiti cha mbele, nami pembeni ya jukwaa.

Waswa akaingia. Watu wakapiga kelele, wengine wakainama nyuma ya viti. Kwa kipande cha mbao! Akasema maneno yangu, polepole, kama alivyofundishwa. Nikamtazama mama nione akicheka.

Alikuwa amesimama. Mikono juu. Akajibu kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Wamelala, papa. Wamelala."

Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Nikaruka chini kutoka jukwaani, nikamshika, nikamtoa nje. Kitenge kimelowa mkojo. Kizito akatufuata mlangoni, anang'aa uso mzima. Anataka kujua kama mama anaweza kurudia hivyo hivyo kesho.

Nilimtemea mate. Sijutii. Lakini maneno si yake. Niliyaandika mimi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mama hakwenda kanisani, nami sikwenda kwenye mchezo. Tumekaa jikoni tunachambua sombe.

Adhuhuri akaniuliza, bila kuinua macho: "Nani alikuambiaka? Njo vile ule mwenye bunduki alisema, kule Bunia. Pole pole vile."

Nikasema hakuna aliyeniambia. Nilitunga tu. Sijui kama aliamini.

Nikauliza watoto gani waliokuwa wamelala. Maisha yangu yote nimejua mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Akanitajia majina mawili, la msichana kwanza, halafu la mvulana. Akaendelea kutenga majani na vijiti.