Halua na Kofia ya Vitaa

Jumanne, 8 Julai 2025

Tumekwenda kwa daktari Vuga leo, mimi na mwanangu Tabia na mwanawe, Thuwaiba. Ana miaka sita, na maneno anayosema ni manne tu. Madaktari wanaita usonji.

Daktari ni msichana wa Kiembe Samaki, Dk. Riyama. Kanipa shikamoo yangu vizuri. Ana kofia ya vitaa vidogo vidogo, nyaya zinaning'inia kama miguu ya pweza. Mtoto anavishwa, anaoneshwa nyuso za watu kwenye tivii. Kofia inachora ubongo unavyofanya kazi, na kamera inafuata macho yanatua wapi. Wanataka kujua watoto kama wetu wanamwonaje mtu.

Watakaochukuliwa kwenye utafiti huo watapata mwalimu wa kusema, kila wiki, mwaka mzima. Hapo nikanyanyua masikio.

"Mzoweshe kofia tu, bibi," kanambia. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli."

Nimemwitikia. Lakini pahala gani duniani hapana kufeli? Mimi skuli sikutia mguu. Herufi hizi nimezipata kwenye kisomo cha watu wazima, tayari wajukuu nnao. Mlango wa kufungiwa naujua. Huyu hafungiwi.

Jumatano, 9 Julai

Nimemvisha kofia ya marehemu babu yake. Imemshuka hadi kwenye nyusi, hakuikataa.

Kisha nikaongeza la kwangu. Nikamshika kidevu — nitazame machoni. Akafumba. Nikatoa halua. Akinitazama, kipande. Akiangalia kando, hapati. Kalia machozi, kaingia mvunguni mwa kitanda. Nikamfuata huko huko na sahani, mimi na magoti yangu haya.

Zamani nikimsifu: huyu ana adabu, hamkodolei mkubwa macho. Leo namfundisha utovu wa adabu kwa halua.

Tabia alikuwa kazini. Sijamwambia.

Jumapili, 13 Julai

Anatazama. Nikisema "macho", anayaleta. Yanajaa maji lakini hayaondoki. Siku hizi hata sisemi. Akiona uso tu, anaukazia, kisha ananyoosha mkono.

Jumatatu, 14 Julai

Kavaa ile kofia ya vitaa, hakutikisika. Kila uso uliotokea kwenye tivii, macho ya mtoto yakaenda kwenye macho ya uso huo, yakatua. Msichana wa kompyuta kamgusa mwenzake. Nami nikajikohoza kwa fahari.

Kwenye ngazi nikampa kipande chake cha halua. Nilikificha mkobani.

Alhamisi, 17 Julai

Dk. Riyama kapiga simu. Tabia kaweka sauti kubwa ili nisikie.

Picha zimewachanganya, anasema. Macho yanatazama kama ya watoto wote, kofia inasema vyengine kabisa. Picha kama hizo hawawezi kuzitumia, na wao wanawataka watoto ambao macho hayakai usoni. Kwa hivyo Thuwaiba hawamchukui. Nafasi yake na mwalimu wake atapewa mwengine, Jumatatu.

"Sijasema hana usonji," kasema. "Nimesema kwenye kundi letu haingii."

Tabia hakulisikia hilo. Kasikia "kama ya watoto wote". Kaanguka sijda pale pale, simu mkononi.

Na mimi nimesimama kama gogo. Mlango ulikuwa wazi. Nimeufunga mimi, kwa mkono huu.

Ijumaa, 18 Julai

Tabia kapika visheti, kagawa Kikwajuni nzima. Kila mlango anasema, mwanangu mzima, mwanangu mzima.

Jioni Mwanakheir, jirani yetu muuza urojo, kanambia mbele ya watu: "Bi Mwanapili, kwenu mmefikwa na njaa? Mjukuu wako anawasimamia wateja wangu, kawatumbulia macho, mkono mbele. Mwisho nitamwekea meza yake ya kuombea."

Wamecheka. Nikamjibu, mkono mmoja afadhali, wewe unaomba kwa miwili na bei unapandisha. Wakacheka zaidi.

Nimemshika mtoto tukarudi. Njia nzima ananitazama machoni. Mimi ndiye niliyeangalia kando.

Jumamosi, 19 Julai

Nilitaka kumwambia Tabia leo. Kaja kunilalia mapajani kama mtoto. "Mama, nalikuwa naogopa. Nikifa ntamwachia nani? Sasa silali na hofu."

Nimemsuka nywele. Hajapata kunilalia hivi tangu aolewe. Na kesho kutwa yule mwalimu anakwenda kwa mtoto mwengine.

Mtoto yule naye ana bibi yake. Hilo pia nimelifikiri.

Jumapili, 20 Julai

Alfajiri nimempigia Dk. Riyama mwenyewe. Njoo unywe chai, nna neno. Tabia sikumwambia neno lenyewe. Yeye anadhani ni shukrani, kavaa gauni la Idi.

Kaja. Wamekaa ukumbini. Nikafungua mdomo, likatoka, "Umeamkaje?" Mara ya tatu hiyo namuuliza.

Thuwaiba kaingia. Kasimama mbele ya daktari, kamkazia macho, hapepesi. Tabia anacheka, "Unaona, dada? Unaona anavyokutazama?"

Mtoto kanyoosha mkono.

"Anataka nini?" daktari anauliza.

Tabia anasema hajui. Wote wawili wakanigeukia mimi.

Nikasema naleta sahani. Niko jikoni, naandika nimesimama, daftari juu ya pipa la mchele. Sahani ya halua ninayo, nimeikata vipande vidogo vidogo vile vile. Nikitoka nayo, watajua macho yale nimeyanunua kwa halua; nshasema.

Tabia ananiita, "Mama?"

Naam, nimeitika. Kupitia mlango namwona mtoto. Machozi yanamtoka, macho hayajaondoka. Mkono bado kaunyoosha.