Nilipima Chuma Kingali cha Moto

Jana mchana msimamizi wa karakana alitutangazia kwamba mteja amerudisha shafti tisa, vile vyuma vya mviringo vinavyozungusha pampu, kwa kuwa ni nyembamba kuliko kipimo, na fundi aliyezitilia sahihi ataitwa kwenye kikao cha nidhamu tarehe kumi na nane. Sahihi ni ya fundi anayenifundisha. Vipimo ni vyangu.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, mimi ni mama wa watoto wawili, miaka minne nilikuwa mfagiaji wa karakana hii hii hadi walipotangaza nafasi za uanagenzi wa ngazi ya kwanza, nikaomba nikapata, na hii ni wiki yangu ya saba kwenye mashine ya kukereza chuma, wenzangu bado wananiita Mama Ufagio, wananiambia, “Mama Ufagio, hiyo si sakafu, ukikosea haifagiliki,” nacheka nao lakini inaniingia, ndiyo maana siku ile nilitaka kumaliza kabla yao, shafti zikitoka tu kwenye mashine nikazipima zingali za moto, kipimo kikakubali, nikaandika, ingawa fundi alishanifundisha kwamba chuma cha moto hutanuka na lazima kikae mezani kipoe ndipo upime, na aliponiuliza, “Umeziacha zikapoa, mwanangu?” nikajibu, “Ndiyo, mzee,” akatia sahihi.

Jana nilimfuata nikamwambia ukweli. Akajifuta mikono, akasema, “Nyamaza hivyo hivyo. Mimi nimebakiza miezi mitano nistaafu, wewe ndiyo kwanza unaanza.” Nikamuuliza, “Na wakikufukuza, mzee, mafao yako je?” Akawasha mashine. Mama yangu naye anasema nimsikilize mzee. Nifanyeje?

Mwanagenzi

MSHAURI ANAJIBU

Dada, pole, na pole hiyo iishie hapo.

Kupima chuma cha moto ni kosa la mwanafunzi. Mkufunzi mmoja wa ufundi niliyemuuliza anasema hulikuta kila mwaka. Lile “ndiyo, mzee” ni jambo jingine: ulimdanganya mtu aliyekuamini, usoni pake. Naye alikosea, kwa sababu sahihi yake ilimtaka apime walau shafti moja kwa mkono wake. Hilo atalijibu mwenyewe, usimbebee. Lakini kikao kikiamini kwamba vipimo ni vyake, kitamhukumu kwa kazi ambayo hakuifanya, na wewe utakuwa umesimama hatua kumi kutoka mlango wa kikao hicho.

Tena kuna jambo hukuliandika. Zimerudi tisa. Siku ile ulipima ngapi? Kama zipo zilizokwisha kufungwa kwenye pampu, mahali fulani kuna mtu anafanya kazi kando ya pampu hiyo bila kujua kwamba shafti yake ni nyembamba. Huyo hana mzee wa kumkinga.

Mama yako anakutakia mema, ila hajui shafti ikikatika inafanya nini.

Siwezi kukuahidi kwamba utabaki. Huenda wakakutoa, na kurudi kwenye ufagio baada ya kushika mashine kutauma. Hata hivyo andika karatasi moja: tarehe, idadi ya shafti zote ulizopima, kwamba zilikuwa za moto, na jibu ulilompa fundi. Kilio usikiandike. Mwoneshe fundi kwanza, kwa heshima, lakini usimwombe ruhusa.

Kisha mpelekee msimamizi Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa.