Jirani Uliyemwita Mla Ardhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta jicho limetulia na kitambaa kimeshafunguliwa. Kama bado, basi Kaka ndiye anayekusomea. Kaka, habari zako na za wifi? Nakuomba usome taratibu, usiruke mstari hata ukikutana na jambo zito, na usianze kuchomeka maneno yako katikati kama ulivyozoea. Huku sote tu wazima, Mama. Mkwe wako mzima, na mjukuu wako Kiroboto bado anarukaruka, jina halijampotea. Nimetanguliza uzima wetu makusudi, maana daktari alikukataza kulia.

Nyumba yetu imebomolewa. Kaka, mpe Mama maji anywe kwanza.

Ilianza na mlango wa jikoni. Ulipoondoka tu kwenda kutibiwa, mlango ukaanza kugoma kufunga. Mkwe wako, unamjua hapendi kushindwa na mbao, akachukua randa akauranda. Ukafunga. Baada ya siku mbili tatu ukagoma tena, naye akauranda tena huku akiilaumu mvua. Aliendelea hivyo mpaka panya akawa anapita na mlango umefungwa, mimi namcheka kwamba fundi ameumaliza mlango. Kumbe maskini mlango haukuwa na kosa. Ukuta ndio uliokuwa unainama, sisi tunahangaika kutibu kidole na mguu ndio umevunjika.

Asubuhi moja nikiwa nachemsha chai, nikasikia mshindo kama gunia la unga limedondoshwa. Bustani yako ya mboga ikazama yote, pamoja na banda la kuni. Sakafu ya jikoni ikapasuka kutoka ukuta hadi ukuta. Nikamnyakua Kiroboto, mkwe wako akakimbilia geti, lo, geti halifunguki, nguzo zimeinama zimelibana. Tukabaki uani tumeshikana, tunaogopa hata kukanyaga. Hapo nikasikia mkasi unakata waya. Jirani yako, yule fundi saa mstaafu uliyembandika jina la Mla Ardhi, alikuwa anatufungulia njia kutokea upande wake. Ndiyo, Mama, alikuwa anaukata uzio ule ule, ule uliosema anausogeza kidogo kidogo kila mwaka amege kiwanja chako, mkaacha kusalimiana kwa ajili yake. Akampokea mtoto, akanivuta mimi mkono, viganja vyake vinachuruzika damu. Kisha akatufokea tuingie ndani kwake, tuache kulikodolea macho shimo kana kwamba tumelipia kiingilio.

Tangu siku hiyo tunakaa kwake. Alitupa chumba chake cha kulala, yeye akahamishia godoro karakana, katikati ya saa zake. Saa hizo hakuna mbili zinazoafikiana, kwa hiyo adhuhuri kwake huchukua muda mrefu kuisha. Nilipojaribu kumshukuru aliniambia nipunguze maneno, niongeze majani kwenye chai. Ndivyo alivyo. Lakini vyombo vyetu vilipokuwa vinatolewa, picha ya harusi yako na marehemu Baba aliibeba mwenyewe, kaifunga kwenye koti lake, na hakumwachia mtu mpaka alipoitundika ukutani.

Baadaye walikuja watu wa ofisi inayoshughulikia migodi ya zamani. Mkuu wao ni mama mmoja mpimaji, mwenye subira, anakueleza jambo mpaka uelewe. Alisema chini ya nyumba yetu imepita njia ya mgodi, ilichimbwa kabla hata ya viwanja kugawanywa, na magogo yaliyoshikilia dari yake yameoza. Tena waliogawa viwanja walivisawazisha kwa kifusi cha mgodi huo huo, na kifusi chetu kina madini ya risasi, yale yanayoingia mwilini na kudumaza watoto. Mama, ule mchicha tuliojivunia majani mapana! Nilikaa chini palepale. Nilikuwa namlisha mwanangu kwa mkono wangu.

Tulimpeleka Kiroboto kupimwa damu. Yamekutwa, lakini si mengi. Daktari alisema tumewahi, tumwondoe kwenye udongo ule, ale vizuri, anawe mikono, nayo yatapungua. Tulipompima tena yalikuwa yameshuka. Nililia Mama, nililia hadharani pale mapokezi bila aibu. Na unajua nani anasimamia kunawa? Mla Ardhi. Anakaa mlangoni na sabuni kama askari wa mpakani, hapiti mtu. Hata mkwe wako anaonyesha viganja ndipo apewe chakula.

Nyumba isingeweza kuokolewa. Ukuta wa chumbani kwako ulikuwa umeachana na paa, nikaona ni heri tuibomoe sisi kuliko ituangukie. Milango, madirisha, kitanda chako na cherehani vimesalimika. Ofisi imekubali kutujengea nyumba, ila kiwanja chetu watakijaza na kukifunga, hakitakaliwa tena. Kwa hiyo tukaambiwa tuchague: tuonyeshe mahali pengine hapa mtaani penye ardhi salama, au tupelekwe makazi mapya, mbali na kila mtu unayemjua. Nikakufikiria wewe, ulivyoapa kwamba mtaa huu utautoka umebebwa. Usingizi ukanikimbia.

Jirani alisikia yote akiwa anakaza skrubu za saa. Bila kuinua kichwa akasema sehemu ya juu ya kiwanja chake ni mwamba mtupu, mpimaji ameshapapima, panatosha nyumba. Nilidhani anatania. Akasema hatanii, wewe umepigania kipande cha ardhi miaka yote hii, basi uchukue na hicho.

Sasa nisikilize vizuri, Mama. Siku iliyofuata mpimaji alikuja na ramani ya zamani, akatafuta mawe ya mipaka yaliyofukiwa na walioigawa ardhi. Aliyapata. Akatuonyesha kwamba ardhi ya upande ule wa uzio imekuwa ikiteremka kuelekea kwetu, pole pole, mwaka hadi mwaka, kwa sababu ya lile handaki chini. Uzio ulikuwa unatembea wenyewe, nguzo kwa nguzo. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kuugusa. Yule mzee umemwita mwizi mbele ya majirani, umemfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, umetukataza watoto wako kupokea hata maji yake. Na hakuwa amechukua hata shubiri.

Jioni hiyo aliniuliza, sauti yake ndogo, kama kweli mama yangu atakubali kujenga kwenye ardhi ya mwizi. Alisema bila ridhaa yako hasaini kitu, hataki kuishi tena na jirani asiyemsalimu, moyo wake umechoka.

Mama, hapa ndipo ninapokuomba usikasirike. Nilimwambia kwamba nilikupigia simu, nikakueleza habari ya mawe, na wewe ukaniagiza nimpigie magoti nimwombe radhi kwa niaba yako. Na nikapiga magoti. Simu sikupiga, unajua mwenyewe. Niliogopa ungekataa, na nilikuwa nimeona viganja vyake.

Aliinuka, akaenda karakana, nikasikia anatia ufunguo saa moja baada ya nyingine. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia kwamba yeye naye, miaka yote hiyo, aliamini ni wewe unayevuta nguzo ili upate ushahidi wa kumshtaki. Amewahi kukaa dirishani na tochi akusubiri akufumanie. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nikuombe radhi.

Basi radhi yake ni ya kweli, nami nakufikishia. Yako niliitoa mimi, Mama, imebaki wewe uifanye kuwa ya kweli. Ukifika usije ukaniuliza mbele yake radhi gani. Najua hupendi kusemewa. Lakini niache niwe mama yako kwa siku moja tu, nakuomba unitii.

Mwambie wifi asante kwa kukutunza, tumpelekee nini sijui. Watoto wa Kaka nawabusu wote. Mkwe wako anakusalimu, Kiroboto anakusalimu na anasema amenawa.

Jirani naye ameniona nikiandika akaniambia niandike kwamba anakupa shikamoo. Nikamkumbusha kuwa yeye ndiye amekuzidi umri. Akasema niandike hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako