Pikipiki Niliyosema Imeuzwa

Mshauri,

Kwa miaka arobaini na mbili nimemficha mdogo wangu wa kike jambo moja: pikipiki aliyoitaka ujanani haikuwa imeuzwa. Mimi kaka yake, muuzaji katika duka la pikipiki, nilimkaribisha kiti na glasi ya maji, nikaingia chumba cha nyuma, nikaandika IMEUZWA kwenye kipande cha kadibodi, nikatoka na kukitundika kwenye usukani huku nikimpa pole. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi anakwenda kulipia nyingine, na daktari wangu wa moyo ameniambia nisipande ngazi wala nisipange safari ndefu, nami nikamwelewa.

Wakati ule alikuwa mkunga mpya, akitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, viatu vikiisha soli kila baada ya miezi mitatu, akajibana mpaka akatosheleza bei, akaja dukani amevaa gauni lake la kazi na kusema, “Kaka, nimekuja kuichukua ile ya kijani.” Nikamwambia ameikosa kwa saa mbili tu, na agizo linalofuata ni la mwakani, na mwaka uliofuata akawa ameolewa, na mumewe hakutaka hata kusikia habari hizo, kwa hiyo akatembea hadi akastaafu, na magoti yake unayasikia kabla hajabisha hodi.

Sasa ni mjane, ana miaka sitini na sita, na amezipenda hizi pikipiki mpya zilizotengenezwa kwa sura ya zamani, taa ya duara, tangi la mviringo, kiti kirefu kilichonyooka. “Kinyume chako, kaka,” ananiambia, “za kale kwa nje tu, injini inafanya kazi.” Na kwa kuwa niliuza pikipiki miaka thelathini na moja, ananitaka nimchagulie kati ya mbili, ile kubwa yenye mngurumo na ile ndogo iliyo chini kidogo.

Tulikwenda dukani wiki iliyopita. Enzi zangu mteja alikuwa wa aina moja, kijana wa kiume aliyekuja na marafiki wawili wa kumsifu. Safari hii nilimkuta daktari wa meno mwenye kitambi akijitazama kwenye kioo, mwalimu wa kike na binti yake wakibishania rangi, na muuzaji mwenyewe ni msichana aliyenitupia jicho na kuuliza, “Anayenunua ni babu?” Mdogo wangu akajibu, “Babu amekuja kunishikia mkoba.” Nilipouliza vijana wa kiume wamekwenda wapi, msichana akacheka: “Babu, siku hizi vijana wananunua simu. Pikipiki wananunua mama zao.”

Nami ningecheka, lakini mdogo wangu akalipapasa tangi na kumwambia yule msichana, “Ya kwanza Mungu hakuniandikia, ilichukuliwa asubuhi ileile,” na mshauri, niliangalia sakafu kana kwamba nimedondosha sarafu. Nilifanya vile kwa kumhurumia, barabara zilikuwa mbaya, na watu wangesema. Je, nimwambie nimharibie furaha yake, au ninyamaze niondoke na siri yangu?

Kaka Mtu

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa moyo. Nimekupa heshima yako mapema kwa sababu yanayofuata hayatakuwa nayo.

Hukuniandikia kuomba ushauri. Umeniandikia nikupe ruhusa ya kunyamaza, na ruhusa hiyo sina. Unahofia furaha yake leo? Siku ile ulimpa maji ya kunywa ukaenda kutafuta kadibodi! Halafu, jamani, unamsingizia Mungu kwa kunyamaza, huku mwandiko ni wako.

Na hilo la barabara mbaya, kamwambie mwingine. Kwa barabara hizohizo uliwauzia wanaume pikipiki miaka thelathini na moja. Mbona hukuwahurumia? Sababu unayo nyingine, mzee, na naamini unaijua. Mimi si lazima niisikie. Yeye ni lazima.

Fanya hivi. Mwambie kabla ya Jumamosi, nyumbani, si dukani ambako atalazimika kujizuia. Mwambie kwa sentensi fupi, na neno “lakini” liache mlangoni. Asipokusemesha siku mbili, zivumilie. Yeye alivumilia zaidi. Usijitolee kumlipia, msamaha hauuzwi dukani. Kisha, akikutaka, mfuate. Akae juu ya kila pikipiki, na ile ambayo nyayo zake mbili hazikanyagi sakafu vizuri, iachwe, hata ingurume kama simba. Aiinue kutoka kwenye stendi mwenyewe. Helmeti kwanza, mwalimu wa udereva pili, rangi mwisho. Na rangi usichangie, mzee. Ulishachangia.

MZEE AMETUANDIKIA TENA

Mshauri,

Nilimwambia Alhamisi, baada ya kumkaribisha kiti, na safari hii sikuenda chumba cha nyuma. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Kaka, nilijua. Nilipita pale kila asubuhi nikienda kazini. Pikipiki iliyouzwa haikai dirishani miezi saba.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Nilikuwa nangoja uniambie kwa nini. Hayo ya barabara usianze nayo.”

Niliinama nikafunga upya kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa, hadi akaniuliza kama ni moyo. Nikamwambia si moyo. Duka lilikuwa na fundi wa kuwajaribishia wateja pikipiki. Mimi nilivaa tai na kueleza injini nilizozisoma vitabuni, na mtaa mzima ulinihesabu kuwa bingwa. Angeinunua siku ile, angeniambia, mbele ya wote, “Kaka, panda wewe kwanza unionyeshe.”

Mshauri, mimi sijui kuendesha pikipiki.